Sifuri Iliyohama: Mhadhara kwa Mafundi wa Bukoba na Muleba

Mada ya leo ni nyembamba. Ni mstari mmoja wa mwanga kwenye skrini ya osiloskopu, na swali moja: kwa nini mstari huo umekaa juu au chini ya mahali pake wakati hakuna volti yoyote iliyoingizwa?

Osiloskopu za kidijiti zimeanza kuonekana kwenye karakana zetu. Nyingine zimenunuliwa Kariakoo, nyingine zimevushwa Mutukula kutoka Kampala, zimetumika na hazina kitabu cha maelekezo. Mstari ukihama, ushauri unaozunguka kwa mafundi ni mmoja: bonyeza Self-Cal, mashine ijisahihishe. Mimi nimekuja kusema kwamba kitufe hicho kiwe cha mwisho. Anayeanza nacho anafuta ushahidi kabla hajajua kosa ni la nani.

Maana ya sifuri haihitaji maelezo marefu hapa Kagera. Mkulima anayepeleka kahawa ya maganda kwenye chama cha msingi huangalia mshale wa mizani kabla gunia halijatundikwa. Mshale ukianzia kilo 2 chini ya sifuri, atapoteza kilo 2 kwa kila gunia, liwe la kilo 20 au la kilo 60. Hilo ndilo kosa la sifuri, na kwenye osiloskopu tunaliita ofseti. Liko kosa la pili, ambalo watu hulichanganya na hili: mizani inaanza sifuri sawasawa, lakini kila kilo 10 inazisoma 9. Hilo ni kosa la ukuzaji, hukua pamoja na mzigo, na dawa yake ni nyingine kabisa. Mizani ya biashara ina Wakala wa Vipimo wa kuikagua. Osiloskopu ya karakana haina mtu. Maabara ya ugezi ya Shirika la Viwango, TBS, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara, na sijamwona bado fundi wa Muleba anayepakia osiloskopu kwenye basi kwenda kuipima upya kila mwaka. Kwa hiyo mkaguzi wa mashine yako ni wewe mwenyewe.

Tuingie ndani ya mashine kidogo. Ishara ikipita kwenye soketi ya mbele hukutana kwanza na rezista kubwa ya megaomu 1 kwenda ethi, kisha kipunguzo cha volti kubwa, kisha amplifaya. Hapo kwenye amplifaya ndipo mashine inapoongeza au kupunguza volti ya kusogeza mstari, ile unayoichezea kwa kitasa cha juu na chini. Mwisho kabisa kuna kigeuzi kinachobadilisha volti kuwa namba. Kwenye mashine zetu nyingi kigeuzi hicho ni cha biti 8, yaani ngazi 256 tu kutoka chini hadi juu, ambazo ni kama ngazi 25 hadi 32 kwa kila kisanduku cha skrini. Ukiweka volti 5 kwa kisanduku, ngazi moja ni karibu volti 0.2. Anayelalamika kuhusu ofseti ya milivolti 20 akiwa kwenye kipimo hicho analalamikia kitu ambacho mashine yenyewe haikioni.

Nasisitiza jambo hilo kwa sababu si kila mhamo ni ugonjwa. Mtengenezaji mwenyewe anaruhusu kiasi. Kwa osiloskopu za Tektronix za familia ya TDS1000 na TDS2000, kuanzia milivolti 10 kwa kisanduku kwenda juu, karatasi yao inasema hivi kuhusu kosa la volti tuli: asilimia 3 ya kinachosomwa, ongeza sehemu ya kumi ya kisanduku, ongeza milivolti 1, na hayo ni baada ya kuchukua wastani wa mawimbi 16 au zaidi. Mashine nyingi za bei nafuu hazina ahadi nzuri kuliko hiyo.

Sasa tazameni mezani. Nina betri ya kawaida ya tochi na chaneli ya 1 iko kwenye milivolti 500 kwa kisanduku. Nasoma wastani: volti 1.58. Naigeuza betri, chanya inakuwa hasi, nasoma hasi 1.50. Betri ni ileile, haiwezi kuwa na volti mbili. Nikijumlisha masomo hayo pamoja na alama zake napata 0.08, nikigawa kwa mbili, 0.04. Hiyo ndiyo sifuri iliyohama, milivolti 40 kwenda juu. Nikichukua tofauti yake, 3.08, nikagawa kwa mbili, napata 1.54, ambayo ndiyo betri yenyewe. Multimita hii nayo inasema 1.54, kwa hiyo ukuzaji ni mzima na kosa lote ni la sifuri. Na je, ni kosa la kushitakiwa? Asilimia 3 ya 1.54 ni milivolti 46, sehemu ya kumi ya kisanduku ni milivolti 50, ongeza 1: karibu milivolti 97. Mashine imo ndani ya ruhusa yake kwa raha. Haina haja ya bisibisi.

Kugeuza betri ni kipimo cha bure, nami nakipenda kuliko vingine vyote kwa sababu hakimwamini mtu: hakiiamini menyu, hakiiamini hata multimita. Nyuzijoto zikibadilika, kirudieni.

Tukiridhika kwamba mhamo umezidi ruhusa, tunaanza kumtafuta mwenye kosa. Mshukiwa wa kwanza ni mkono wa fundi mwenyewe. Pembeni kushoto kwa skrini kuna mshale mdogo wenye namba ya chaneli. Mshale huo ndio sifuri. Mstari wa katikati ya skrini hauna cheo chochote. Mtu akizungusha kitasa cha kusogeza, mshale na mstari huhama pamoja, na hapo hakuna kosa lolote. Kosa ni pale mstari unapoachana na mshale. Kwenye mashine nyingi kubonyeza kitasa chenyewe hurudisha mshale katikati. Nimeona watu wakibishana nusu siku juu ya volti ambayo ilikuwa kitasa.

Mshukiwa wa pili ni namna ya kuingiza ishara. Ukichagua AC, kapasita inazuia volti tuli na umbo linajisogeza lenyewe mpaka wastani wake uwe sifuri. Hili huwasumbua sana mafundi wa sola. Chaji kontrola za aina ya PWM hufungua na kufunga kwa mapigo. Chukua mapigo ya kutoka sifuri hadi volti 5 yanayokaa juu asilimia 10 tu ya muda: wastani ni volti 0.5, kwa hiyo kwenye AC utaona chini ni hasi 0.5 na juu ni 4.5. Betri ikijaa au ikipungua, muda wa kukaa juu hubadilika. Ukifika asilimia 50 umbo zima linashuka, chini hasi 2.5 na juu 2.5. Fundi anaona mstari unazama mchana kutwa, anasema mashine mbovu. Weka DC, ugonjwa unapona.

Mshukiwa wa tatu ni probu, na hapa ndipo ningependa tukae.

Mashine hii ya pili imetoka kwenye karakana moja ya Muleba. Malalamiko yaliyoandikwa kwenye karatasi iliyogundishwa juu yake ni haya: chaneli ya 2 inasoma milivolti 110 hata ncha ya probu ikigusishwa na klipu yake ya ethi. Self-Cal imefanywa, imepita, kosa liko palepale. Mwenye mashine amekata tamaa na anataka kuiuza.

Angalieni. Probu iko kwenye 10X na menyu iko kwenye 10X. Nagusisha ncha na klipu: milivolti 108. Sasa napeleka swichi ya probu kwenye 1X na menyu pia kwenye 1X, ncha bado imegusa klipu: sifuri. Nachomoa probu kabisa, soketi iko wazi, menyu bado 1X: milivolti 12. Nafunga soketi kwa kifuniko cha kuishoti: sifuri tena.

Namba hizo nne zinatosha kumtaja mkosaji bila kufungua skrubu hata moja. Shoti ikiondoa mhamo, basi amplifaya na kigeuzi ni wazima. Kinachotokea ni mkondo mdogo sana unaovuja kuingia kwenye soketi na kutafuta njia ya kwenda ethi. Ukiacha soketi wazi, njia pekee ni ile rezista ya megaomu 1, na milivolti 12 juu ya megaomu 1 ni nanoampea 12. Probu ya 10X ina megaomu 9 ndani yake. Ncha ikigusa klipu, hiyo 9 inakaa sambamba na 1, jumla 0.9, mkondo uleule unatoa milivolti 10.8. Halafu mashine, kwa utiifu, inazidisha kwa 10 kwa sababu menyu imeambiwa 10X. Ndiyo 108 zenyewe. Kwenye 1X ncha inagusa ethi karibu moja kwa moja na mkondo unapita bila kuacha volti.

Nanoampea 12 inatoka wapi? Ukiwa na nyaya za volti 12 kwenye bodi karibu na soketi, uchafu wenye ukinzani wa gigaomu 1 unatosha kabisa. Na Bukoba inapata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, ziwa liko hapo mlangoni. Vumbi likikaa juu ya bodi na unyevu ukaingia, gigaomu 1 ni kitu cha kawaida. Tulipoifungua hii tulikuta ukungu wa kijani kwenye mguu wa soketi na utando wa vumbi kuzunguka relei ya kwanza. Ilisafishwa kwa spiriti ya isopropili na mswaki laini, ikakaushwa chini ya balbu usiku kucha. Chaneli 2, soketi wazi, baada ya usafi huo ilisoma chini ya milivolti 1. Hizo 12 nilizowaonyesha nimezipata kwa rezista ya gigaomu 1 niliyoifunga nyuma makusudi kwa ajili yenu. Msisafishe kwa petroli, inaacha mafuta na inaweza kuwaka. Na kabla ya kufungua, chomoa waya na subiri, kwa sababu kapasita ya pawa saplai hushika volti karibu 325, ambayo ndiyo kilele cha umeme wetu wa volti 230.

Sasa rudini kwenye Self-Cal. Kwa nini ilipita bila kusaidia? Mashine nyingi, zinapojisahihisha, hukata soketi kwa relei na kujipima zenyewe kwa ndani. Uvujaji ulio nje ya relei hauonekani. Na mashine ambazo hazikati hufanya vibaya zaidi: zinapima milivolti 12 za uongo soketi ikiwa wazi, zinaziandika kwenye kumbukumbu kama sifuri, na skrini inaonekana safi kabisa. Kesho unapima betri au chanzo chochote chenye ukinzani mdogo, ule mkondo unapotelea huko, na mashine inatoa 12 ambazo hazipo. Uongo umehama kutoka soketi tupu kwenda kwenye kipimo chako, mahali ambapo hutaushuku. Anayeacha probu imechomekwa kwenye kitu chenye umeme wakati wa kujisahihisha anafanya kosa la jamii hiyohiyo.

Kama shoti haiondoi mhamo, basi tatizo liko ndani zaidi. Acheni kifuniko cha shoti mahali pake na mtembee kwenye vipimo: milivolti 5 kwa kisanduku, 50, 500. Mhamo ukibaki karibu sawa kwa visanduku kila mahali, chunguza mwisho wa njia, kwenye kigeuzi au volti yake ya rejea. Ukivimba kadiri unavyoshuka kwenye vipimo vidogo, chunguza mwanzo wa njia, kabla ya kukuzwa. Chaneli zote zikihama pamoja kwa kiasi kimoja, achana na chaneli, nenda kwenye pawa saplai.

Na hapo, baada ya hayo yote, Self-Cal inapata kazi yake halali: kufuta mhamo unaoletwa na umri na joto. Mashine iwake kwanza dakika 30. Watengenezaji wengine wanaridhika na 20. Kila kitu kichomolewe kwenye soketi. Isizimwe katikati, kwa hiyo ichomekeni kwenye inveta yenye betri; kwa miaka mingi umeme wetu umekuja kutoka Uganda, Masaka hadi Kyaka kwa njia ya kilovolti 132, na hakuna mtu humu anayehitaji kuhadithiwa kukatika kwake. Vitabu vingi vinasema kazi hiyo irudiwe joto la chumba likibadilika kwa nyuzi 5. Asubuhi ya Kamachumu na saa nane mchana chini ya bati bila dari hutofautiana zaidi ya hapo. Usahihisho wa asubuhi si wa mchana. Hata kuiweka mashine mbali na dirisha linalopigwa na jua ni matengenezo.

Mshukiwa mmoja bado sijamtaja, naye yuko ardhini. Kila nyumba kwetu huchimbia ethi rodi yake. Wanajiolojia wameyapa mawe ya mchanga ya nchi hii jina la mji wetu, Bukoban, na kwenye miamba hiyo rodi haishiki vizuri kama kwenye udongo mzito wa migombani. Tuseme osiloskopu imeungwa na rodi ya shaba ya nyumba, na mfumo wa sola unaopimwa una rodi yake ya bomba la mabati. Shaba na zinki kwenye udongo wenye unyevu ni betri, volti 0.5 kati yao si ajabu. Ukifunga klipu ya ethi kwenye hasi ya sola umeziunganisha rodi mbili kupitia waya mwembamba wa probu. Ardhi ikiwa na ukinzani wa omu 50 kwa jumla, mkondo ni miliampea 10, na kwenye waya wenye sehemu ya kumi ya omu unaacha milivolti 1. Kwenye kipimo cha milivolti 2 kwa kisanduku, mstari umepanda nusu kisanduku na mashine haina hatia. Ipime kwa kushika ncha kwenye klipu yake ikiwa imefungwa kwenye saketi, kisha ikiwa imefunguliwa. Ukiona tofauti, iko ardhini.

Naomba mtu asiondoke hapa akaenda kukata pini ya ethi kwenye plagi ya osiloskopu ili kuondoa tatizo hilo. Najua inafanyika. Siku klipu itakapoguswa na laivu, kasha lote la chuma pamoja na soketi vitakuwa na volti 230, na mkono wako uko juu yake.

Milivolti chache zina thamani gani? Mfumo wa sola wa visiwani, Bumbire au Ikuza, hupimwa mkondo kwa shanti, na shanti ya kawaida hutoa milivolti 75 kwa ampea 100. Ampea 1 ni milivolti 0.75. Osiloskopu yenye mhamo wa milivolti 3 itamwambia fundi kwamba ampea 4 zinatoka kwenye betri usiku wakati kila kitu kimezimwa. Kwenye volti 12 hizo ni wati 48. Atafumua nyaya za nyumba nzima akitafuta mwizi. Kwa wale mnaohudumia vifaa tiba, pigo la moyo kwenye ECG ni kama milivolti 1, na daktari anaangalia kupanda kwa sehemu ya kumi ya hiyo. Lakini mashine ya ECG imebuniwa ivumilie volti tuli za elektrodi hadi milivolti 300, na osiloskopu haikubuniwa hivyo. Msiikague ya kwanza kwa ya pili mkiwa kwenye DC mkatoa hukumu.

Fundi mmoja ameuliza kabla hatujaanza: mtu akinunua mashine iliyotumika, dukani afanye nini kwa muda mfupi? Aende na betri moja na kifuniko cha kuishoti soketi. Aombe mashine iwashwe kwanza, anywe chai, arudi. Kwa kila chaneli asome soketi ikiwa wazi kwenye 1X, kisha ikiwa imefungwa. Tofauti ya zaidi ya milivolti 1 au 2 ni uvujaji. Kisha betri, mbele na nyuma. Asikubali muuzaji amfanyie Self-Cal mbele yake, kwa sababu ambazo sasa mnazijua. Wengi hupima chaneli ya kwanza peke yake wakalipa, hata kama mashine ina nne. Ya kwanza ndiyo inayotumika kila siku na ndiyo inayopigwa kwanza na kila ajali ya karakana. Ikiwa tatu ziko sawa na hiyo imehama, bei ijadiliwe kama ya mashine ya chaneli tatu.